Teatre ya lupango wakati ya baridi, Lubumbashi: maswali munatuulizaka kila mara

Kila mwaka mwezi wa tano ukifika telefone zetu zinaanza kulia na bantu banauliza maswali ileile: munaanza lini, ni franga ngapi, naweza kuya na batoto, ule shemeji mubaya atacheza tena? Tunapenda kujibu, lakini wakati ya repetisyo (mazoezi ya muchezo) hatusikii telefone, basi tumeandika majibu hapa. Kama swali yako haiko, uulize mama mwenye anaikalaka ku mulango na daftari yake, yeye anajua mambo ya kundi kutupita siye bote.

Munachezaka kutoka lini mpaka lini?

Tunaanza katikati ya mwezi wa sita, tunamaliza mwisho ya mwezi wa nane. Siku ya posho (jumamosi) na siku ya yenga (jumapili), saa kumi na mbili na nusu ya mangaribi, na tunajikaza kumaliza mbele ya saa tatu juu bantu bapate taksi ya kurudi.

Bengine banauliza juu ya nini si mwaka muzima. Ni mvula. Kwetu mvula inakamata nguvu mwezi wa kumi na moja na haituachi mpaka mwezi wa tatu ao wa ine, na siye tunacheza inje, mu lupango (kiwanja ya nyumba), hatuna paa. Tena batoto biko mu vakansi mwezi wa saba na wa nane, bazazi habaogopi kubachelewesha kulala. Mwezi wa tisa masomo inaanza, kila mama iko na mawazo ya minervali na madaftari, tutamwitaje ku teatre?

Munasema "teatre ya été" (été mu Kifaransa ni wakati ya joto), lakini kuko baridi ya kukata masikio. Ni namna gani?

Ni jina ya kurizi. Kule Ulaya mwezi wa saba njo joto, na bantu banatoka kucheza inje. Ufaransa kuko muji ya Avignon, kule Jean Vilar alianzisha festivali mwaka 1947, mu kiwanja ya nyumba ya zamani ya mapapa, na mpaka leo kila mwezi wa saba muji yote inageuka teatre. New York banachezaka Shakespeare mu Central Park, mu teatre ya Delacorte yenye ilifunguliwa mwaka 1962, na tiketi ni ya bure. Bale bote banangojea jua ishuke, na kule kwabo wakati ile jua inachelewa sana, ndiyo maana banaanza busiku kabisa.

Kwetu ni kinyume. Lubumbashi iko juu, karibu metre 1,200, na mwezi wa sita na wa saba njo wakati yetu ya baridi, busiku inaweza kushuka chini ya digri 10. Jua nayo inaingia mbele ya saa kumi na mbili. Basi siye giza tunaipata mapema, ile ni baraka, lakini baridi nayo inakuya pamoja. Kuya na blanketi. Si kikwembe moja ya mu mabega, blanketi ya kweli, yenye unafunikaka ku kitanda. Tunaweka mbabula ine zenye makala ku pembe za lupango, na mama moja anauzisha chai na kalanga ya kukaanga, lakini mbabula haiwezi kupasha kila muntu joto. Siku moja mwaka jana kulikuwa mupepo mubaya sana, na mu safu ya nyuma bantu benye habakujuana bakaunganisha mablanketi, bamama watatu na papa moja muzee, mpaka mwisho. Tulibaona kutoka huku mbele, na yule mwenye alikuwa anasema wakati ile alipata nguvu.

Kwa nini hamuchezi mu salle ya muzuri mu vile (katikati ya muji)?

Mu vile kuko masalle. Ile teatre kubwa yenye Babeleji balijenga miaka ya 1950, leo tunaiita Bâtiment du 30 Juin, iligeuka nyumba ya badepite ba provensi. Kuko Halle de l'Étoile, pale tunaendaka kuangalia kazi ya benzetu na tunatoka na furaha. Hatuna ubaya na masalle.

Lakini fikiri mama ya komuni ya Katuba mwenye ameuza nyanya muchana nzima. Kwenda mu vile ni taksi mbili, kurudi ni taksi mbili na busiku, tiketi bado, na akifika anaona bantu bamevaa sawa ku ndoa, anasikia haya. Hataenda. Na kama hataenda, siye tunamuchezea nani? Njo maana tuko mu lupango ya familia moja ku Katuba, bale balitupa ruhusa tangu zamani, chini ya mwembe mukubwa. Nyuma yetu kuko ukuta ya matofali ya kuchoma, mureefu, na ule ukuta njo mikro yetu: ukisimama hatua mbili mbele yake sauti inarudi, inaenda mpaka ku mulango. Ukisogea mbele hatua tano, sauti inakufwa. Kila muchezaji mupya wiki ya kwanza tunamufundisha paka ile, kujua ukuta.

Na tulijaribu kucheza mwezi wa pili, chini ya bati, mu salle ya jirani. Mvula ikaanguka. Kama hujawahi kusema kilio ya mujane chini ya bati wakati mvula inapiga, usijaribu.

Munacheza mu luga gani?

Kiswahili. Kiswahili ya hapa, yenye tunasemaka mu nyumba, ku soko, mu taksi. Hii swali tunaijibu kwa urefu juu kila mwaka kuko muntu mwenye anatushauri tucheze mu Kifaransa "juu ya kuonyesha kiwango", na mwengine anatushauri tuseme Kiswahili bora.

Hii muji ilizaliwa mwaka 1910 juu ya shaba. Union Minière, kompani ya kuchimba shaba yenye ilianza 1906, ilileta bantu ba kazi kutoka kila upande, Baluba, Babemba, Balunda, bantu ba Rhodesia ya Kaskazini (Zambia ya leo), ba Rwanda na Burundi, ba Angola, na mu makambi balipashwa kusikilizana. Kiswahili njo ilibaunganisha. Haikuwa luga ya kijiji ya mutu, ilikuwa ya bote, na kila kabila ilitia chumvi yake. Leo ni miaka zaidi ya mia, bababu betu balipendana mu hii luga, baligombana nayo, balizika bantu nayo. Ni luga ya kweli. Mwenye kusema ni "Kiswahili ya kuvunjika" hajakaa kuisikiliza.

Miaka ya kwanza siye pia tulianguka mu mutego. Tulitayarisha muchezo juu ya mujane, na muchezaji alipashwa kutokea na kusema: "Mume wangu ameaga dunia na kuniacha mikononi mwa wakwe zangu." Maneno muzuri, imetulia. Mama moja mu safu ya pili akageukia mwenzake, na sauti ya juu, bila ubaya, akasema: "Anasema sawa padri." Bantu bakacheka, na kilio yetu ikaishia pale. Wiki yenye kufuata yule muchezaji akatokea, akaikala chini mu vumbi, akatoa kitambaa ya kichwa pole pole, akasema: "Alikufwa. Na bandugu yake biko ku mulango." Ni ile tu. Lupango yote ikanyamaza, hata batoto. Yule mama ya safu ya pili alianza kulia mbele ya bote.

Kwetu neno "kusikia" iko na maana mbili, masikio kupata sauti, na moyo kupata maana. Siye tunataka zote mbili. Kifaransa tunaitumia pale bantu benyewe banaitumia: shefu ya komuni akisoma barua, mwalimu akijisifu, kijana akitaka kuonyesha binti iko na masomo. Kibemba na Kiluba zinatokea wakati bazee banaingia. Sawa vile mu nyumba yako.

Naweza kupata teksti ya muchezo juu ya masomo yangu?

Hakuna teksti. Hatufichi, kweli haiko. Banafunzi ba universite banatuulizaka na tunaona banafikiri tunabanyima.

Kazi inapita hivi. Muntu moja analeta hadisi, pengine ni kintu yenye aliona mu balabala, pengine ni methali. Tunaikala chini, tunaongea, kila mutu anasema vile anajua. Kiisha tunagawa: weye ni papa, weye ni binti, weye ni yule mwenye deni. Tunakata hadisi mu vipande, tunajua kila kipande inaanza wapi na inapashwa kuishia wapi, na maneno ya katikati muchezaji anaitafuta yeye mwenyewe mu repetisyo. Siku ya kwanza inakuwa mbovu. Siku ya kumi maneno imejichagua, zile za uongo zimeanguka, na muchezaji anazisema sawa zake juu ni zake.

Hatukuzua hii namna. Tuliirizi ku bakubwa, zaidi ku kundi ya Mufwankolo, yenye bazazi betu balisikiliza ku radio na kuona ku televizyo, mu Kiswahili ya hapa hapa. Mwaka 1986 balifanya kazi moja yenye banafunzi ba inchi nyingi banaisoma mpaka leo: muzungu moja mutafiti, Johannes Fabian, aliuliza maana ya musemo "le pouvoir se mange entier", bukubwa banakulaka muzima, habaugawi. Mahali pa kumujibu na maneno tu, bakasema tutaicheza. Bakajadiliana, bakafanya repetisyo, bakaenda kuicheza ku kijiji ya Kawama, inje ya muji. Yaani swali ya muntu ya masomo ilijibiwa na teatre. Kwetu hakuna heshima kubwa kupita ile, na ukitaka masomo juu ya teatre ya Lubumbashi, anzia pale, kiisha kuya uikale mu repetisyo yetu. Tunakukaribisha na daftari yako.

Na usisahau Jecoke, Jeunes Comiques de la Kenya, ba komuni ya Kenya ya hapa Lubumbashi, nyimbo na densi na kuchekesha pamoja. Ile tabia ya kuweka wimbo katikati ya muchezo tuliikuta mu hii muji, haikutoka ku televizyo ya leo.

Mwaka huu munacheza michezo gani?

Ine.

Ya kwanza ni ya mujane, ile ile, bantu banaidai. Papa amekufwa, kilio bado haijaisha, bandugu yake banaanza kuhesabu: viti, friji, funguo za lupango. Mwaka huu tumebadilisha mwisho. Zamani pastori aliingia akapatanisha bote na tukaimba. Sasa hapana. Bamama balituambia kwabo hakuna pastori mwenye aliingia. Sasa binti ya marehemu, wa miaka 15, anatoka na mfuko ya plastiki yenye karatasi, anaanza kusoma, na tunazima taa wakati bado anasoma.

Ya pili ni ya deni. Tuliondoka ku hadisi ya Shakespeare, ile ya mufanyabiashara ya Venisi mwenye aliahidi kulipa na nyama ya mwili yake. Julius Nyerere aliigeuza mu Kiswahili mwaka 1969, kazi kubwa sana, ya kuheshimu, lakini ile Kiswahili ni ya Tanzania na hatukuichukua, tulichukua paka hadisi. Kwetu mukopeshaji ni mutu ya banki Lambert (si banki ya kweli, ni muntu mwenye anakopesha na faida kubwa), kila muntu mu Kongo anajua ile kukopa, unakamata leo, mwisho ya mwezi faida inakula mushahara. Habari ya dini ya mukopeshaji tuliitoa. Mu hadisi ya zamani banamuchukia juu ni Muyahudi, na siye hatutaki bantu ba Katuba barudi nyumbani na chuki juu ya bantu benye habakubakosea kintu. Mutu wetu anachukiwa juu ya franga, inatosha. Kipande ya tribinali ni dakika 20 na hakuna muntu anasogea ku kiti yake.

Ya tatu, bachimbaji ba mu mashimo. Ni fupi, ni bandugu wawili na kamba moja.

Ya ine ni ya batoto, Kalulu (sungura) na Fisi, siku ya yenga saa tisa ya muchana, jua ikiwa bado.

Ile sheria ya urizi munasemaka mu muchezo ya mujane ni ya kweli?

Ni ya kweli, na hii swali inatufurahisha kupita zote. Kuko Code de la famille, sheria ya familia ya Kongo, ya tarehe 1 mwezi wa nane 1987, balibadilisha bipande bimoja mwaka 2016. Inasema batoto ba marehemu njo ba kwanza, banapata robo tatu ya mali. Si bale ba ndoa peke, hata mutoto ya inje, kama papa alimutambua mbele ya kufwa. Robo moja yenye inabakia inagawiwa ku makundi tatu: bibi ao bwana mwenye amebakia, bazazi ba marehemu, na bandugu yake. Kama makundi yote tatu iko, kila kundi inapata sehemu moja ya kumi na mbili.

Uone basi: bale bandugu benye banabeba friji siku ya tatu ya kilio, kwa sheria bote pamoja biko na sehemu moja juu ya kumi na mbili. Binti anaisoma ile mu muchezo, na kila mara kuko muntu mu giza anasema "rudia". Na anarudia. Tulimwambia arudie mara zote zenye bantu bataomba.

Tena mujane iko na haki ya kuendelea kuikala mu nyumba yenye aliikala na bwana yake, na kutumia bintu bya mu nyumba. Na sehemu yake mwenyewe ya mali ya ndoa ni ingine, haingii mu ile hesabu. Lakini hii yote ya mujane inapata nguvu kama ndoa iliandikwa ku etasivili (biro ya komuni yenye inaandika ndoa). Bengi balilipa mahari, bakafanya feti kubwa, na ku komuni habakufika hata siku moja. Kama ni weye, usingojee. Siye hatuko ba avoka, kama iko na tatizo ya kweli enda uone avoka, na pale mulangoni mama ya daftari atakuelekeza mahali pa kuanzia.

Bachezaji ni bani? Banaishi na hii kazi?

Hapana, hakuna mwenye anaishi nayo. Mwenye anacheza mujane ni mushonaji ya nguo, na costumi zote zinatoka ku mashini yake. Mukopeshaji ni mwalimu ya hesabu mu sekondari, ndiyo maana anahesabu faida haraka vile bila kukosea. Fisi ni fundi ya velo. Binti ya miaka 15 iko kweli na miaka 15, mama yake anakuya naye kila repetisyo na hatuanzi mama akiwa hajafika, ile ni sheria ya kundi.

Bachezaji banagawana franga ya mulango kisha kutoa ya makala, ya mafuta ya jenereta na ya taksi ya busiku ya banawake. Kila mutu anaona hesabu, imeandikwa mu daftari. Makundi mengi mu hii muji yalikufwa juu ya hesabu, si juu ya kukosa talanta.

Ule shemeji mubaya, mu maisha iko vile?

Ni muntu ya upole kupita bote! Tunaandika hii juu yeye mwenyewe alituomba. Mwaka jana, asubui ya siku moja kisha muchezo, alienda ku soko kununua nyanya, na mama moja akamuangalia, akafunika nyanya na gunia. "Kwanza urudishe friji." Alicheka, lakini mama hakucheka. Akapita ku mama mwengine, ni vilevile. Alirudi nyumbani mikono mitupu. Tafazali, muuzie nyanya. Iko na batoto bane, na bibi ya kaka yake, mujane, anaikala kwake tangu miaka mingi, na hakuna kintu yake ilibebwa.

Ni franga ngapi?

Mukubwa franka 3,000, mutoto 1,000. Bazee benye bamepita miaka 70 banaingia bure. Unaweza kulipa ku mulango ao na telefone, namba ya kweli iko paka kwa mama ya daftari, usitumie franga ku namba ingine. Kama hauna, kuya vile vile, uongee naye mbele bantu habajaingia, hatakufukuza na hatakutia haya.

Naweza kuleta batoto busiku?

Ya Kalulu, bote. Zile ingine, kuanzia miaka 8. Batoto banaikala mbele ku mikeka, bakubwa nyuma ku biti, na usikatae, usiseme mutoto yako aikale na weye nyuma. Mutoto mwenye haoni anaanza kuuliza "anafanya nini?", na akiuliza, bantu kumi habasikii. Ile ya bachimbaji usilete mutoto ndogo. Kuko kipande kamba inakatika, na hatukuipunguza.

Kuranti ikikatika?

Inakatika, mara mingi. Tuko na jenereta ndogo lakini iko na makelele, basi tunaiweka inje ya lupango nyuma ya ukuta, na mara ingine tunaacha kuiwasha. Posho moja giza ilianguka katikati ya tribinali. Mukopeshaji alikuwa tayari na kisu mu mukono. Hakuna mwenye alisema kintu, kiisha mutoto moja ku mukeka akawasha tochi ya telefone ya mama yake, akaiweka ku uso ya mukopeshaji, ingine ikawaka, ingine, mpaka tukawa na taa nyingi kupita zenye tulikuwa nazo. Bivuli ya bachezaji ikapanda ku ukuta, mikubwa, kisu nayo mu kivuli ilikuwa sawa panga. Tangu siku ile, ile kipande tunaicheza na tochi zenu, tunazima taa siye benyewe. Basi chaji telefone mbele ya kuya.

Naweza kupiga video?

Ile kipande ya tochi hapana, juu tochi yako inafanya kazi. Zile ingine, piga dakika mbili tatu uonyeshe bandugu, sawa. Muchezo muzima hapana. Kuko mwaka muchezo yetu yote ilizunguka ku telefone za bantu mbele ya wiki ya pili, na yenga yenye kufuata lupango ilikuwa nusu tupu. Ile wiki mushonaji wetu hakupata hata franga ya uzi.

Naweza kujibu, kusema kintu wakati ya muchezo?

Ndiyo, na tunakuomba. Bachezaji banajua kukungojea. Ukimuonya mujane "usisaini!", atakusikia, pengine atakujibu. Jambo moja tu: usiseme mwisho kama uliiona wiki yenye ilipita.

Mutacheza lini muchezo juu ya Lumumba?

Banatuuliza kila mwaka, na ni haki, juu alikufia huku kwetu. Tarehe 17 mwezi wa kwanza 1961 balimushusha na ndege ku Luano pamoja na Maurice Mpolo na Joseph Okito, na ile busiku bakabaua mu pori, si mbali na muji, wakati Lubumbashi ilikuwa bado inaitwa Élisabethville. Aimé Césaire ya Martinique aliandika muchezo juu yake mwaka 1966. Yule muandishi alikufwa 2008, haki ya kazi yake iko bado, kuicheza inaomba ruhusa na kulipa, na ni mu Kifaransa ya juu sana.

Lakini sababu ya kweli ni ingine. Mu hii muji kuko familia zenye zililia ile siku, na zenye habakulia, na bajukuu ba zote mbili banaikala ku mikeka yetu, bega kwa bega. Kuicheza na namna yetu maana yake ni kuikala chini mbele na kuongea, na bazee benye banakumbuka biko bachache. Tumeanza kubatembelea. Siku moja moja, na sukari na chai mu mukono, hatubebi mashini ya kurekodi mpaka benyewe bakubali. Itachukua miaka, na hatutaicheza mbele ya kuisikia.

Nataka kuingia mu kundi, nifanye nini?

Kuya mwezi wa pili ao wa tatu, wakati ya mvula, pale tuko mu repetisyo mu nyumba. Hatukuulizi diplome. Wiki za kwanza utabeba biti na utaangalia. Kiisha tutakusimamisha mbele ya ukuta, mutu moja ataenda mpaka ku mulango, na utamuambia mambo ya mama yako, kintu yoyote, bila kulalamika na bila kupiga kelele. Akisikia, tutaanza.

Munaweza kuya kwetu, Likasi, Kipushi, Ruashi?

Ruashi na Kenya ndiyo, tulienda. Mbali kupita pale ni taksi na chakula ya bantu 11, tuongee mapema. Tunaomba kintu moja: ukuta.

Na kama siku ya muchezo kuko kilio mu balabala?

Hatuchezi. Haijalishi ni nani, hata kama hatukumujua. Siku ile tunabeba biti byetu na mbabula zetu zote ine tunapeleka ku kilio, juu pale pia busiku ni baridi na bantu banalala inje. Bachezaji banaikala na bengine mpaka asubui. Tiketi yako inabakia muzuri, kuya nayo posho yenye kufuata, mama ya daftari ameandika jina yako.